Saa Inasema: Kupima, Kukadiria na Kubuni

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kupima, kwa kazi nyingi. Muuza unga wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anapima kwa meka. Fundi anapima ukuta, mshonaji anapima kiuno, muuguzi anapima damu, na mzee wa ukoo anapima maneno kabla ya kuyatoa. Kitenzi hiki ni cha Kibantu. Wenzetu wasemao Cibemba wanacho pia, na maana yake ni ileile. Pembeni yake Kiswahili kiliweka maneno yenye asili ya Kiarabu: kiasi, kadiri, kukadiria, makadirio. Kupima na kukadiria si kazi moja. Anayepima amekileta kitu chenyewe mbele ya kipimo. Anayekadiria amepima kitu kingine, kisha amepiga hesabu ili akifikie kile anachokitafuta. Na mtu asiyepima wala kukadiria, lakini bado anatoa tarakimu, Kiswahili kina kitenzi chake pia: huyo anabuni.

Vitenzi hivi vitatu tunavijua sote katika kitivo hiki. Mwaka huu vimenifaa zaidi nyumbani kuliko darasani, kwa sababu ya saa ya mkononi.

Mama mkubwa wangu anakaa Katuba na ana ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa sasa. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na anatakiwa ajitoboe kidole ili apime damu kwa mashine ndogo. Mashine yenyewe alipewa. Shida ni vile vikaratasi vya kupimia: kila kipimo kinakula kikaratasi kimoja, na pakiti inamalizika kabla ya mwezi kumalizika. Yaya, mtoto wake wa kwanza, alimhurumia. Akamnunulia mjini, kwa wauzaji wa barabarani, saa nyeusi yenye kioo kipana. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi iliahidi mambo mengi: hatua, mapigo ya moyo, presha, oksijeni, usingizi, kalori, na chini kabisa, sukari ya damu, bila kutoboa ngozi.

Programu yake ilifunguka kwa Kifaransa kwenye simu ya yaya. Ukigusa alama ya moyo, inaandika mesure en cours. Ukigusa alama ya kalori, mesure en cours. Ukigusa tone la damu, mesure en cours. Nusu dakika baadaye tarakimu inatokea, kubwa, ya kijani, ikiwa na nukta moja ya desimali. Neno ni lilelile kwa mambo yote, na rangi ni ileile. Hapo ndipo mimi, mwanafunzi wa isimu, nilipoanza kuitazama saa hiyo kwa makini.

Baada ya wiki chache mama mkubwa aliacha kununua vikaratasi. Nilipomuuliza alinijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Juu ya nini nijitoboe kidole kila siku, na saa inasema niko muzuri?» Baadaye nikasikia kwamba jioni nyingine anaruka kidonge, kwa kuwa saa ilikwisha kusema. Na katika mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kukauka.

Tuanze na lile ambalo saa za namna hii zinalifanya vizuri, kwa sababu lipo. Nyuma ya saa, upande unaogusa ngozi, kuna taa ndogo za kijani. Damu inaimeza sana rangi ya kijani. Moyo unapopiga, damu inajaa katika mishipa midogo ya mkono na nuru inayorudi inapungua; kati ya pigo na pigo, nuru inarudi zaidi. Kijicho kilicho karibu na taa kinahesabu kupanda na kushuka huko. Ndani pia kuna kipande kinachohisi mwendo, nacho ndicho kinachohesabu hatua kwa kufuata mtikiso wa mkono. Kwa hiyo saa ina vyanzo viwili hasa: nuru inayorudi na mkono unaotikisika. Kila tarakimu nyingine unayoiona kwenye kioo inatoka humo kwa njia ya hesabu, au haitoki popote.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 60 waliovaa vifaa 7 vya mkononi huku wakikaa, wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli. Walilinganisha tarakimu za vifaa hivyo na zile za mashine za maabara. Kwa mapigo ya moyo, vifaa 6 kati ya 7 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Hiyo ni kazi ya kuheshimika kwa kitu kinachofungwa kama bangili. Lakini kwa nguvu ambayo mwili unaitumia, yaani kalori, hapakuwa na hata kimoja kilichofaulu. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kwa asilimia 93.

Tofauti hiyo haishangazi kwa mtu aliyetenganisha kupima na kukadiria. Pigo la moyo linafika karibu kabisa na kipimo, nuru inaligusa. Kalori haziguswi na nuru yoyote. Saa inachukua mapigo, mwendo, umri, uzito na urefu ulioandika mwenyewe siku ya kwanza, kisha inavipitisha katika fomula iliyotengenezwa kwa miili ya watu wengine. Usingizi nao uko upande huo. Katika maabara, hatua za usingizi zinajulikana kwa kupima umeme wa ubongo, mwendo wa macho na kukaza kwa misuli. Saa haina mlango wa kuingia kichwani. Inaona kwamba mkono umetulia na moyo umepunguza kasi, basi inakisia. Ndiyo maana mtu aliyelala macho wazi kitandani, akiwaza ada ya masomo bila kujigeuza, anaweza kuhesabiwa kuwa amelala.

Hata hatua, ambazo tunadhani ni hesabu ya wazi, zina historia yake. Wengi wanaamini kwamba daktari fulani aliamua kuwa mtu anatakiwa atembee hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo ilienea kutoka Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei. Sisi tunaozoea kukata maneno mofimu kwa mofimu tutalifurahia jina hilo: man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Jina la bidhaa likawa sheria ya afya. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 16,741, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700. Faida hiyo iliendelea kukua mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Mama mkubwa, anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu, alikuwa akijilaumu kila jioni kwa ajili ya mofimu tatu za Kijapani.

Kuna swali jingine ambalo linatuhusu sisi watu wa hapa kwa namna ya pekee: nuru ile inapita katika ngozi, na ngozi zetu ni nyeusi. Melanini nayo inameza nuru. Je, saa inatuona sawasawa na inavyowaona wengine? Majibu hayako upande mmoja. Wale wa Stanford waliona kosa kubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi na hawakuona tofauti ya maana baina ya rangi hizo. Walichokiona ni kwamba mtu akiwa katika mwendo kosa linapanda kwa asilimia 30 hivi kuliko akiwa ametulia. Lakini kuhusu oksijeni, hata kile kifaa cha hospitali kinachobana kidole kimepatikana na doa. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwapa asilimia 92 mpaka 96 za oksijeni, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa wagonjwa Weusi katika vipimo 11.7 kwa kila 100, na kwa wagonjwa Weupe katika 3.6 kwa kila 100. Ikiwa kifaa cha hospitali kinaweza kuukosa upungufu huo, saa ya barabarani isiyo na jina la mtengenezaji haina haki ya kuaminiwa zaidi.

Mwanafunzi wa lugha zetu hawezi kulistaajabia jambo hili. Sote tuliopita katika somo la fonetiki tumetumia Praat, programu iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam. Unairekodi sauti ya mzee anayesema Kiluba, unatafuta toni, na Praat inakuchorea mstari wa samawati unaopanda na kushuka. Mstari unapendeza. Lakini mzee akikwaruza sauti mwishoni mwa sentensi, mstari unaanguka ghafla hadi nusu ya kimo chake, au unaruka mara mbili, ingawa sikio halikusikia kitu kama hicho. Programu imehesabu mitikisiko miwili kuwa mmoja, au mmoja kuwa miwili. Saa ya mkononi ina ugonjwa wa ukoo huohuo: mtu anapokimbia, inaweza kuushika mdundo wa miguu ikauita mdundo wa moyo. Katika Praat tunafundishwa kwanza kuweka mipaka ya chini na ya juu kulingana na msemaji, kisha kusikiliza kwa masikio yetu, na hatimaye kumuuliza mwenye lugha. Hakuna mwalimu atakayekubali kazi ambayo mwanafunzi ameandika «toni ya juu» kwa sababu tu mstari ulipanda. Darasani tunajua kwamba chombo hakina neno la mwisho. Nyumbani, mama zetu hawajaambiwa.

Sasa tufike kwenye lile tone la damu. Hapa hatupo tena katika kupima, wala katika kukadiria. Tarehe 21 Februari 2024, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilitoa onyo kwa wagonjwa na waganga: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe, bila kutoboa ngozi. Vipo vibandiko vyenye sindano nyembamba vinavyoingia chini ya ngozi na kutuma tarakimu kwenye saa, lakini hapo saa ni kioo cha kusomea tu. Anayepima ni ile sindano. Saa inayodai kuisoma sukari kwa nuru yake ya kijani peke yake inatoa tarakimu ambayo haina chanzo.

Kumweleza mama mkubwa habari ya mamlaka ya Marekani kusingesaidia kitu. Kwa hiyo Jumapili moja, mbele ya yaya na wadogo wetu wote, nilichukua kipande cha muhogo kilichomenywa, nikakifunga saa, nikagusa alama moja baada ya nyingine. Mesure en cours. Muhogo ulikuwa na mapigo ya moyo 76 kwa dakika. Oksijeni yake ilikuwa asilimia 98. Sukari yake ilikuwa 5.5, karibu sawa na ile ya mama mkubwa ya asubuhi hiyo, na ya jana yake, na ya juzi, kabla ya bukari na baada ya bukari. Watoto walicheka sana. Mama mkubwa alicheka pia, kisha akanyamaza, akauliza: «Sasa ule muhogo nao uko na moyo?»

Tukatoa mashine ndogo na kikaratasi kimoja nilichokuwa nimekinunua njiani. Kidole kilisema 263. Saa inahesabu kwa milimoli na mashine inahesabu kwa miligramu, kwa hiyo ilibidi kuzidisha ile 5.5 ya saa kwa 18: inatoka 99. Kati ya 99 na 263 kuna umbali wa mguu mzima.

Yaya hakufurahi. Alisema nimeidharau zawadi yake mbele ya watoto, na kwamba ni rahisi kufunga muhogo saa wakati si wewe unayelipa dawa. «Basi na wewe ununue vile vikaratasi,» aliniambia. Neno lake lilikuwa na ukweli ambao utafiti wa Stanford hauna. Mama mkubwa hakuiamini saa kwa ujinga. Aliiamini kwa sababu kipimo cha kweli kinamgharimu pesa na maumivu kila mara, na tarakimu ya uongo ilikuja bure, haraka, bila sindano, kutoka kwa mtoto wake mwenyewe. Anayetaka kumwondolea tarakimu ya uongo lazima asaidie kulipia ya kweli. Jioni ileile tulikubaliana, watoto na wapwa watano, kwamba kila mmoja atanunua pakiti moja kwa zamu. Siku iliyofuata mama mkubwa alikwenda kituo cha afya akaonyesha mguu na kusema habari ya vidonge alivyoruka. Kidonda sasa kinakauka, polepole. Yaya ndiye anayempeleka kukisafisha.

Kilichobaki kwangu ni swali la lugha. Mama mkubwa hakusema «nimepima». Alisema «saa inasema». Kuna lugha za Amerika ya Kusini, kama Kikechua, ambazo humlazimisha msemaji aonyeshe kwa mofimu alikolipata neno lake: ameliona mwenyewe, amelisikia kwa mtu, au amelidhania. Kiswahili hakimlazimishi mtu, lakini kinampa njia: inasemekana, nasikia, huenda, na lile neno dogo lenye nguvu, eti. Tukisema «eti amepona», tumetoa habari na shaka yetu pamoja. Kioo cha saa hakina eti. Pigo la moyo ambalo nuru imeligusa, kalori zilizotoka katika fomula, na sukari iliyobuniwa vyote vinakuja kwa sauti moja, katika herufi zenye ukubwa mmoja. Tena vinakuja na desimali. Desimali ina tabia ya kumnyamazisha mtu: 5.5 inaonekana imefikiriwa zaidi kuliko «tano hivi», hata kama hakuna aliyeifikiria.

Napendekeza tuifanye kazi hii, sisi wa idara ya lugha za Kiafrika, kwa sababu hakuna atakayetufanyia. Siku programu za afya zitakapotafsiriwa kwa lugha zetu, na baadhi ya wanaozitafsiri watatoka katika madarasa haya, mesure isigeuzwe kipimo kila mahali kama vile hatuna neno jingine. Mapigo ya moyo yaandikwe kipimo. Kalori na hatua za usingizi ziandikwe makadirio, na ikiwezekana ziandikwe bila desimali. Sukari isiyo na sindano isiandikwe kabisa. Na kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu ana mzazi, mjomba au jirani aliyevaa saa kama hiyo. Mtu huyo anaweza kuelezwa kwa dakika tano, kwa lugha anayoota nayo: saa inafaa kumwonyesha kama wiki hii umetembea kuliko wiki iliyopita, na kama moyo wako ukiwa umekaa umebadilika kuliko kawaida yake. Ikionyesha jambo la kutisha, nenda ukapimwe. Ikionyesha jambo la kupendeza na mwili unasema vingine, nenda vilevile. Dawa haiongezwi wala haipunguzwi kwa neno la saa.

Mama mkubwa bado anaivaa. Anaitumia kujua saa ngapi na kuhesabu hatua za kwenda sokoni. Sukari yake anaiandika kwa kalamu katika daftari la shule, tarehe upande mmoja, tarakimu upande mwingine, na wiki iliyopita alinisomea mstari mmoja akitumia kitenzi alichokuwa amekiacha kwa miezi: «Leo nilipima.»